Nani anakula yuniti?

Juzi niliitwa na mama mmoja mwenye nyumba ya wageni hapa Moshi, upande wa Shanty Town. Yuniti za umeme wake wa LUKU zinayeyuka, na mshukiwa keshampata: hita za kuogea. "Wageni wanaoga mpaka vidole vinakunjamana, mwanangu." Alitaka nizing'oe zote.

Hita ya papo kwa papo ya kilowati 5 inatisha ukisoma kibandiko chake. Ila mgeni akioga dakika 6, imekula nusu yuniti basi. Yuniti ni kilowati mara saa, na wengi hukodolea macho kilowati wakasahau saa.

Mita yake iko barazani. Ina kitaa chekundu kinachopepesa, na pembeni pameandikwa 1000 imp/kWh, yaani kikipepesa mara 1000 yuniti moja imekwenda. (Yako huenda ina namba nyingine, soma kwanza.) Wageni walipotoka asubuhi tulizima kila kitu, nikawasha kimoja kimoja huku nahesabu sekunde kwa simu. Zamu ya friza ya jikoni, kitaa kikapepesa kila baada ya sekunde 24. Saa ina sekunde 3600, na kila mpepeso hapa ni wati 1 mara saa 1; gawa 3600 kwa 24: wati 150. Kidogo tu. Nusura niipite.

Lakini friza haipimwi kwa dakika tano, maana kompresa yake hufanya kazi, ikapumzika. Nikachomeka kipima umeme, kile kidogo kinachokaa kati ya plagi na soketi, nikakiacha hadi kesho yake saa ileile. Yuniti 3.6! Piga wati 150 mara saa 24 utaona: haikupumzika hata kidogo.

Miaka ya 1980 George Hart wa MIT, chuo cha Marekani, alibuni njia ya kutambua vifaa ukiwa kwenye mita kuu tu. Birika likiwashwa mzigo unaruka wati 2000, likizimwa unashuka vilevile, na kompyuta inalijua kwa mruko huo. Ni njia tamu, ila kisichozimika hakiruki. Friza ya mama ingejificha humo mwaka mzima. Ndiyo maana sijaachana na kipima changu cha soketi.

Nikabana noti ya elfu kumi kwenye mlango wa friza, nikaivuta. Ikatoka bila ubishi. Mpira wa mlango ulikuwa umekakamaa, haubani tena, joto likawa linaingia.

"Kumbe kila siku nawaogesha watu saba wasiolipa," mama akasema.

Baada ya mpira mpya, kipima kilisoma 1.4 kwa siku. Hita ziko palepale.