Sabufa haipulizwi rangi kama rimu

"Fundi, wewe puliza tu, rangi haisikiki." Ndivyo anavyoniambia mteja mwenye sabufa (spika ya besi) kuukuu ya inchi 12 iliyopauka, akitaka ifanane na gari alilotoka kulipaka rangi upya. Wengine huja wakiwa wameshamaliza kazi nyumbani kwa kopo la rangi ya gari. Sabufa inang'aa, ila inakwaruza, na wanataka nimtafute mchawi kwenye ampu. Nimechoka kuona sabufa nzuri zikifa kwa ajili ya urembo, kwa hiyo leo nieleze taratibu.

Sabufa ni kitu kinachotembea. Koni ya inchi 12, lile bakuli la mbele linalotikisika, ikipigwa besi nzito inaweza kwenda mbele na kurudi nyuma kwa sentimita moja kila upande, makumi ya mara kwa sekunde. Kinachoiruhusu kufanya hivyo ni vitu viwili laini: ukingo wa sponji au raba kwa nje, na spaida kwa ndani, kile kitambaa chenye mikunjo kinachoishika shingo ya koili, waya uliozungushwa unaoisukuma koni. Rangi ya gari imetengenezwa ikauke iwe ngumu juu ya bati lisilosogea. Ukiipuliza kwenye ukingo, unakakamaa na kuibana koni isitembee, ndiyo maana mwenye gari analalamika kwamba besi haishuki tena kama zamani. Baada ya muda rangi inapasuka kwenye mkunjo, na ufa wa rangi unakuwa njia ya kuichana sponji iliyo chini yake.

Hapo bado sijaigusa thina. Iliyomo kwenye rangi ya kopo inavimbisha raba, inalegeza gundi inayoshika ukingo kwenye koni, na sponji iliyokwisha kuzeeka inaimaliza kabisa. Mtu ananiambia, "Lakini ilikauka vizuri." Rangi ya juu ilikauka, sikatai. Gundi ya chini ndiyo iliyoachia.

Kinachoniuma zaidi ni msasa. Fremu ya chuma imeshika kutu, mtu anaikwangua kwa msasa mkavu au brashi ya waya huku sabufa ikiwa nzima na sumaku yake iko palepale. Unga wa chuma utaenda wapi? Unavutwa na sumaku, unaingia kwenye mwanya inamochezea koili, ambao nafasi yake kila upande mara nyingi haifiki milimita moja. Niliyoifungua karibuni ilikuwa nyekundu, imepulizwa kwa ustadi kweli, haina hata tone lililochuruzika. Niliweka vidole pande mbili za koni nikaibonyeza polepole, nikasikia krr, krr. Nilipokata kifuniko cha katikati, unga wa chuma ulikuwa umesimama kuzunguka mwanya kama manyoya ya paka aliyeshtuka. Ukiona hivyo usipeleke kompresa, unausukuma ndani zaidi. Unatolewa kidogo kidogo kwa kipande cha karatasi ngumu kilichozungushiwa selotepu, upande wa gundi ukiwa nje. Kama vanishi ya waya wa koili imeshachubuka, kusafisha hakusaidii tena, inabadilishwa koili pamoja na koni yake.

Kwa hiyo fremu ikihitaji rangi, ziba kwanza tundu la hewa nyuma ya sumaku, ziba na madirisha yote ya fremu kwa selotepu ya karatasi. Kutu iondoe kwa msasa wa maji uliolowa ili unga usiruke, futa kwa kitambaa, kisha paka kwa brashi. Kopo la kupuliza kwenye sabufa iliyounganishwa silikubali hata kidogo, maana mvuke wa rangi hauna adabu, unaingia hadi kwenye spaida.

Wapo pia waliosoma nusu, wanaosema rangi yoyote kwenye koni inaua besi kwa sababu ya uzito. Hilo limekuzwa mno. Koni na koili ya inchi 12 kwa kawaida zina uzito wa gramu 100 hadi 200 pamoja, na rangi nyembamba ya mikono miwili, yaani iliyopakwa mara mbili, ni gramu chache tu. Hata ukiongeza asilimia 10 nzima, masafa ya asili ya spika, yaani kasi ambayo koni hutetemeka yenyewe, yanashuka kwa asilimia 5 hivi na sauti inapungua kwa chini ya desibeli 1. Ndani ya gari linalotembea huwezi kuligundua. Uzito unadhuru twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, ambayo kuba lake mara nyingi halifiki gramu moja. Twita usiipake chochote.

Koni ya karatasi naikubali ipakwe, kwa masharti yangu: rangi ya maji ya akriliki isiyong'aa, kwa sponji iliyokamuliwa, mikono miwili myembamba, na ukingo usiguswe. Koni ya plastiki iache, rangi itabanduka. Ukingo wa raba uoshe kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, basi. Na tafadhali, ile dawa ya kung'arisha matairi isifike kwenye spika. Nyingi zina mafuta ya silikoni, na siku ukingo ukihitaji kugandishwa upya gundi haitashika. Ukitaka rangi kali, paka boksi na grili. Hivyo ndivyo vitu ambavyo watu huviona buti likifunguliwa.

Yapo na mengine ninayoambiwa. "Rangi za metaliki zinavutwa na sumaku." Hapana. Chembe zinazong'aa humo kwa kawaida ni alumini, na sumaku ya spika haina habari nayo.

"Sumaku ikipakwa nyeusi inapoa haraka." Nyeusi au nyeupe, tofauti yake hapo haina maana. Mara nyingi koili inaungua kwa sababu ampu imeongezwa geini, yaani ukuzaji wa sauti, kupita kiasi.

"Rangi inaziba nyufa za sponji." Haizibi. Sponji hizo huoza kwa umri na unyevu, hata spika ikikaa stoo bila kupigwa, na hewa ya pwani yetu inaharakisha. Dawa yake ni ukingo mpya wa kipimo kilekile.

Halafu kuna wanaoamini kwamba sabufa ya mtumba iliyopakwa vizuri ni iliyotunzwa. Dukani nenda na mita ya kupimia umeme: koili ya omu 4 isome kati ya 3 na 4. Bonyeza koni usikilize. Inusie nyuma, koili iliyoungua ina harufu yake. Mwisho angalia nyaya laini za kusuka zinazotoka kwenye vituo vya kuungia waya kwenda kwenye koni. Zikiwa na rangi, ilipulizwa bila kuzibwa. Irudishe mezani, uliza bei ya nyingine.