Kabati la mafaili linapogeuzwa jiko la moshi

Jiko la moshi ni jiko ambalo nyama huiva kwa hewa ya moto iliyochanganyika na moshi wa kuni, ikiwa mbali na moto wenyewe, polepole, kwa saa nyingi. Marekani majiko ya namna hii yanauzwa madukani, mengine kwa bei ya kutisha, na asiyetaka kulipa bei hiyo hujitengenezea kwa kitu chochote cha chuma kinachofungika: pipa la mafuta, friji iliyokufa, kabati la nguo la kiwandani. Kabati la mafaili nalo limo. Ni lile refu la droo nne, ambalo kila ofisi ilikuwa nalo kabla ya kompyuta na sasa linatupwa au kuuzwa kwa bei ya chuma chakavu.

Mtu aliyezoea nyama choma hapa ajihadhari, maana hizi ni kazi mbili tofauti. Mbuzi wa kuchoma analala juu ya kaa, joto ni kali, na mteja anasubiri mezani. Kwenye jiko la moshi, joto linalolengwa ni nyuzi 107 hadi 121 za Selsiasi, yaani juu kidogo tu ya maji yanayochemka. Sababu yake ni aina ya nyama. Texas wanapenda kidari cha ng'ombe, nyama iliyojaa kano, ambayo ukiichoma haraka unatafuna mpira. Zile kano ni kolajeni, na kolajeni huanza kulainika na kugeuka ute nyama ikishapita nyuzi 70 hivi ndani, tena taratibu. Ndiyo maana kidari kizima hupikwa saa kumi, kumi na mbili au zaidi, na hutolewa kikiwa kimefika nyuzi 90 na kitu ndani yake.

Katikati ya safari hiyo kuna jambo linalowavuruga wageni wengi. Nyama ikifika nyuzi 65 hadi 70, joto lake linagoma kupanda, na linaweza kukaa palepale saa kadhaa. Moto haujapungua. Ni nyama inatoka jasho: maji yanavukizwa juu yake na kuipoza kwa kasi ileile jiko linavyoipasha. Asiyejua huongeza mkaa, joto likaruka, na nyama ikakauka. Anayejua anasubiri, au anaifunga nyama kwa karatasi ngumu isiyo na nta ili jasho lisiendelee kuipoza.

Sasa kabati linaingiaje? Kabati lililosimama ni dohani tayari. Moto unakaa droo ya chini kabisa, yenye matundu ya kuingizia hewa. Juu kabisa kuna matundu mengine au kipande cha bomba la kutolea moshi. Hewa iliyopata moto inapanda, na inapopanda inavuta hewa mpya kutoka chini. Ukiziba matundu ya chini kiasi, moto unapungua, ukiyafungua, unapanda. Mpishi hapandishi wala kushusha joto kwa mkaa, bali kwa hewa. Hilo ndilo jiko lenyewe, na mengine yote ni mapambo.

Matundu ya juu hayazibwi. Watu huyaziba wakidhani wanaubakiza moshi ndani, kumbe wanaukaba moto, na moto uliokabwa hutoa moshi mzito mweupe unaoacha utando mweusi, mchungu, juu ya nyama. Moshi mzuri ni mwembamba, wa rangi ya buluu kwa mbali. Ukisimama upande usio na mwanga unaweza usiuone kabisa, ukausikia puani tu.

Droo zinataka kazi ya grenda. Sakafu za droo za juu hukatwa na kuwekwa wavu wa chuma ili moshi upite. Droo ya pili kutoka chini hupewa sinia pana la maji, ambalo linazuia mwale wa moto usipige nyama na linadaka mafuta yanayodondoka. Sinia hilo si la kuachwa: mafuta yakidondokea kaa ndani ya dohani, yanawaka na kupanda moja kwa moja kwenye chakula. Uzuri wa droo ni kwamba unavuta ile ya moto, unaongeza mkaa na vipande viwili vya mti wa matunda, unarudisha, na nyama juu haijaguswa. Ubaya wake, zinavuja pande zote. Tena bati la kabati ni jembamba, kwa hiyo siku ya upepo joto linayumba. Wengine huziba mianya kwa kamba ya nyuzi za kioo inayotumika kwenye milango ya majiko ya kuni. Kipimajoto kiwe usawa wa nyama, maana juu ya kabati na chini yake kuna tofauti kubwa.

Kabla ya yote hayo kuna kutakasa, na hapa ndipo miradi mingi inapaswa kufa mapema. Rangi ya zamani inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Kabati la namna hiyo liache. Magurudumu ya plastiki, raba na vishikizo vyote vitolewe. Chuma kilichopakwa zinki kisikae karibu na moto, kwa sababu zinki ikipata joto kali hutoa mafusho yanayomwangusha mtu kwa homa. Mafundi wa kuchomelea mabati wanaijua vizuri. Kabati zito lililotengenezwa kuhimili moto wa nyumba lisiguswe kabisa, maana ya zamani huenda yana asbesto, madini ya nyuzi yanayodhuru mapafu, ndani ya kuta. Lililosalia hukwanguliwa hadi chuma kitupu, kisha huwashwa moto mkali likiwa tupu. Na liwashwe nje: mkaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoua watu ndani ya vyumba na magereji.

Kuni ziwe za mti mgumu mkavu. Wamarekani hutumia mwaloni au mtofaa. Kwetu mwembe na mpera zinafaa. Msonobari una utomvu, na mbao zilizotiwa dawa ni sumu.

Wazo lenyewe si geni Afrika. Tanuri la Chorkor, lililobuniwa Ghana kati ya 1969 na 1971 kwa ajili ya akina mama wa kubanika samaki, lina trei za mbao na wavu zinazopangwa moja juu ya nyingine. Ule mpangilio wa trei ndio unaokuwa dohani, moshi ukipenya samaki wa chini hadi wa juu. Ukilitazama kabati la droo nne, ni trei za Chorkor zilizofungiwa ndani ya sanduku.

Lakini mama wa mwalo wa samaki, pale mitumbwi inaposhusha, Kigoma au Mwanza, anabanika ili samaki adumu hadi sokoni, kwa hiyo anamkausha. Nyama ya kabati inatoka na maji yake, imepata ladha tu, haikuhifadhiwa. Inaharibika kama nyama nyingine yoyote iliyopikwa, na iingie kwenye friji ndani ya saa mbili. Kuku lazima afike nyuzi 74 ndani, hata kama ngozi yake imeshapata wekundu mzuri. Kuna pia njia ya moshi baridi, chini ya nyuzi 30, ambayo haiivishi kabisa. Hiyo inahitaji nyama iliyokwisha kutiwa chumvi maalumu ya kuzuia bakteria, kwa vipimo sahihi. Usiijaribu kwa kabati la mafaili na kukisia.