Ruta ya Laini Nyumbani: Jaribu Kabla Hujakata Waya

Tangu huduma ya 5G, yaani kizazi cha tano cha mtandao wa simu, ianze kuuzwa nchini Tanzania mwaka 2022, familia nyingi zimeacha intaneti ya waya na kuhamia kwenye ruta za laini, vifaa vinavyowekwa laini ya simu na kusambaza Wi-Fi nyumbani. Hatuna pingamizi. Kinachotuchosha ni malalamiko yanayofuata, maana mengi yangekwisha kwa kusogeza ruta hatua nne.

Juzi mzee mmoja alifika dawatini kwetu, tunakopokea malalamiko ya wateja, kudai arudishiwe fedha zake. Tukamwomba picha ya ruta ilipokaa. Ilikuwa ndani ya kabati la vyombo, nyuma ya chupa ya chai, imefunikwa kitambaa cha fuma "isiingie vumbi". Dirisha linalotazama mnara liko chumba cha watoto. Jioni akaipeleka huko, juu ya stuli, na mistari miwili ikawa minne.

Ruta hii hunasa mawimbi ya mnara kama simu yako tu. Zege, nondo za dirishani na mabati yote huyapunguza. Masafa ya 5G ya karibu MHz 3,500 hupenya ukuta kwa taabu kuliko 4G ya MHz 700 au 800, kwa hiyo zipo nyumba ambazo 4G iliyotulia inafaa zaidi ya 5G inayokuja na kupotea. Muombe wakala aijaribu sebuleni kwako, saa mbili usiku, wakati mtaa mzima uko mtandaoni, maana mnara mnagawana. Kipimo cha saa nne asubuhi mlangoni pa duka lake hakikusaidii.

Na hili tumelisema mara nyingi: jina la Wi-Fi lenye "5G" kwenye simu yako si mtandao wa 5G. Ni GHz 5, masafa kati ya ruta na simu, na ruta ya 4G nayo huyatumia. Hujaibiwa.

Vilevile Mbps 20, yaani megabiti 20 kwa sekunde, si megabaiti 20. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo gawanya kwa nane upate megabaiti 2.5 kwa sekunde. Faili la GB 1 litachukua karibu dakika saba. Bando "lisilo na kikomo" nalo mara nyingi hushushwa kasi ukifikia kiwango kilichoandikwa kwenye masharti. Yasome kabla ya kulipa.

Sasa usajili, ambako watu hujiingiza matatani. Ruta ina laini, na laini husajiliwa kwa kitambulisho cha taifa cha NIDA na alama za vidole za mtumiaji mwenyewe. Usikubali kupewa ruta "iliyokwisha kusajiliwa". Laini ikiharibika, atakayehitajika kuweka kidole ni yule aliyesajiliwa, na huenda humjui wala hapatikani. Likitendeka kosa kupitia laini iliyo kwa jina lako, utakayeanza kutafutwa ni wewe. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoitambua, nenda kwa mtoa huduma ikafutwe. Kutumia laini isiyosajiliwa ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na adhabu yake ni faini au kifungo.

Kwa ruta uliyouziwa na mtu baki au iliyotoka nje ya nchi, soma namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa kifaa, kwenye karatasi iliyobandikwa chini yake, uitume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090. Vifaa bandia vilizimwa Juni 2016, na bado tunaulizwa kwa nini kifaa cha bei ya kutupa "hakishiki laini".

Ukiwa na lalamiko, anza kwa mtoa huduma wako na udai namba ya kumbukumbu. Ana siku 30 za kulishughulikia. Usiporidhika, lipeleke TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, pamoja na namba hiyo. Usianze TCRA, utarudishwa ulikotoka. Asiyeridhika na uamuzi wa Mamlaka anaweza kukata rufaa Baraza la Ushindani.

Kwenye lalamiko ambatisha risiti, jina la kifurushi, na picha za vipimo vya kasi vya siku tatu tofauti zikionyesha saa, pamoja na mahali ruta ilipokaa. Ukiandika "mtandao mbovu" basi, tutakupigia kukuuliza hayo hayo, na swali la kwanza litakuwa la kabati.