Petali nyingi za waridi hutoka wapi

Wengi wanaokuja kutuomba ushauri wa bustani huamini kwamba mwaridi wenye maua yaliyojaa petali ni ule uliolishwa mbolea vizuri, na kwamba wenye petali tano umedhoofika. Sivyo. Ua la petali tano ndilo la asili, na miwaridi ya mwituni karibu yote hutoa ua la namna hiyo, ukiwamo ule wenye maua meupe unaoota katika milima ya Ethiopia na Yemen.

Ua likiwa bado changa mno ndani ya chipukizi, viungo vyake hupangika kwa maduara kutoka nje kwenda ndani: sepali za kijani, petali, stameni zinazobeba chavua, na katikati kabisa viungo vya kike vinavyozaa mbegu. Mwaka 1991 wanasayansi Enrico Coen na Elliot Meyerowitz, ambao hawakuchunguza waridi bali mimea mingine ya maua, walieleza kwamba kila duara hupata umbo lake kutokana na makundi matatu ya jeni yanayofanya kazi kwa kupishana. Kundi la tatu ndilo linaloamuru stameni na viungo vya kike viundwe. Katika miwaridi mingi ya bustani eneo la kundi hilo limesogea ndani na kuwa dogo, na viungo ambavyo vingekuwa stameni, vikikosa amri hiyo, hugeuka petali. Kwa kuwa waridi la asili lina stameni nyingi sana, akiba ya kugeuza ni kubwa.

Ushahidi wake unaonekana kwa macho. Chukua waridi lililojaa, ung'oe petali moja moja kuanzia nje. Za mwanzo ni pana na laini, lakini kadiri unavyokaribia kitovu zinakuwa nyembamba na kupinda, na mara nyingi utakuta moja yenye kiuvimbe cha njano ubavuni. Hicho ni kifuko cha chavua. Kiungo hicho kiligeuka nusu kikaishia hapo.

Mageuzi hayo hayalingani kwa kila aina. Waridi la Jabal al Akhdar nchini Oman, linalochumwa majira ya kuchipua kwa ajili ya marashi, lina petali takriban 30 na bado limebakiza stameni. Maua yaliyojaa kupita kiasi hutoa chavua kidogo au hayatoi kabisa, nyuki huyapita, na mbegu ni adimu, ndiyo maana wakulima huyazalisha kwa vipandikizi na kwa kubebesha, yaani kuunganisha kichipukizi chake juu ya shina la mwaridi mwingine. Baridi nayo huongeza petali, jambo linalosaidia kueleza kwa nini aina ileile hutoa ua lililojaa zaidi Naivasha, karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, kuliko Mombasa.

Basi mwaridi wako ukianza ghafla kutoa maua ya petali tano, usidhani umebadilika tabia. Aghalabu ni shina la chini, lile lililobebeshwa, ambalo limechipua na kuuzidi nguvu mti wa juu. Fukua udongo, lifuate chipukizi hilo hadi linapoanzia na uling'oe hapo hapo, kwani likikatwa juujuu litachipua tena.