Kunywa kwa mkupuo: kufuata mkumbo ambao haupo

Kunywa kwa mkupuo ni kubugia pombe nyingi kwa muda mfupi hadi mtu alewe, hata kama wiki nzima hakugusa tone. Taasisi ya taifa ya Marekani inayochunguza madhara ya pombe huweka mpaka kwenye kiwango cha asilimia 0.08 ya pombe katika damu. Kwa kawaida mwanamume hukifikia kwa vinywaji 5 na mwanamke kwa 4, ndani ya saa 2 hivi. Kinywaji kimoja katika hesabu hiyo kina gramu 14 za pombe halisi. Kwa hiyo tusimtafute mraibu wa kila siku peke yake. Hata yule anayesoma vizuri Jumatatu hadi Alhamisi anaweza kuwa mnywaji wa mkupuo.

Mwaka 1993 mtafiti Henry Wechsler wa Chuo Kikuu cha Harvard aliwauliza wanafunzi zaidi ya 17,000 katika vyuo 140 vya Marekani kuhusu unywaji wao. Asilimia 44 walikuwa wamekunywa hivyo katika wiki mbili zilizotangulia. Unaweza kudhani basi kwamba wanafunzi wanaupenda sana ulevi. Mimi naona jambo lenyewe ni la kusikitisha zaidi ya hapo.

Tazama meza moja. Kijana ameshika glasi ya nne, tumbo limeshakataa, lakini anawaona wenzake wanacheka, naye anacheka. Mwenzake wa upande wa pili naye ameshachoka, anamwona huyu anacheka, anajimiminia nyingine. Kila mmoja anajua yaliyo moyoni mwake, ila ya wenzake anayasoma usoni tu. Hapo kila mtu hujiona ni yeye peke yake asiyefurahia. Wanasaikolojia Deborah Prentice na Dale Miller walilikuta hilo katika Chuo Kikuu cha Princeton, kwenye utafiti waliouchapisha mwaka 1993: wanafunzi waliamini kwamba wenzao wameridhika na desturi ya unywaji chuoni kuliko wao wenyewe. Wakati muhula ukiendelea, wavulana walibadilisha misimamo yao kuisogelea ile waliyodhani ni ya wengi.

Zipo sababu nyingine. Kuna anayekunywa kuchangamka, na kuna anayekunywa kuzima wasiwasi. Huyu wa pili ndiye wa kuangaliwa kwa karibu zaidi, maana wasiwasi humngoja palepale asubuhi.

Pombe yenyewe nayo humpofusha mnywaji. Wanasaikolojia Claude Steele na Robert Josephs walieleza mwaka 1990 kwamba inabana uangalifu wa akili: kilicho karibu huonekana kikubwa, cha mbali hufifia. Muziki na kelele za "maliza, maliza!" viko karibu, mtihani wa kesho uko mbali. Ndiyo maana azimio la "leo mbili tu" huvunjika baada ya hizo mbili, na hapo kumlaumu mtu kwamba hana msimamo ni kumwonea.

Likisemwa waziwazi, fumbo hili la kila mmoja kudhani wenzake wanafurahia hulegea. Huko huko Princeton, Prentice na Christine Schroeder waliwakalisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwenye mazungumzo kuhusu namna wanavyosomana vibaya. Miezi kadhaa baadaye, hao walisema wanakunywa kidogo kuliko wenzao ambao mazungumzo yao yalihusu jinsi mtu mmoja mmoja anavyoamua kunywa.