Muziki ya Kongo si paka Lingala
Batu banapendaka kusema muziki ya Kongo ni rumba, rumba ni Lingala, Lingala ni Kinshasa, basi, siye ba Lushi (Lubumbashi, mu Katanga) tulikuwa tunacheza tu ya bengine. Ile mawazo inatoka mbali, redio za Léopoldville, njo Kinshasa ya leo, zilisikilizwa kila pahali, na mu 2021 UNESCO iliingiza rumba ya Kongo mbili mu liste yake ya urithi wa utamaduni, vizuri kabisa. Lakini Katanga ilikuwa na gita yake. Jean-Bosco Mwenda, mupiga gita, mtoto wa Bunkeya kule Katanga, Hugh Tracey, mutu wa kukusanya muziki ya Afrika, alimurekodi mu 1952 kule Jadotville, njo Likasi ya leo, na wimbo yake "Masanga" ikazunguka dunia. Uisikilize polepole: gita moja kavu, bila orkestra, kidole gumba kinashika besi, kidole cha shahada kinatembeza melodi juu, unaweza kuapa ni batu wawili. Na aliimba Kiswahili, juu batu ba kazi ya mine (migodi) balitoka Kasai, Rwanda, Rhodesia, kila mutu na luga yake, Kiswahili njo kilibapatanisha. Nyuma yeye na Edouard Masengo, mupiga gita mwengine wa Katanga, bakafika Nairobi, na bapiga gita ba Kenya bakachota pale.