Setilaiti Mpya na Mawingu ya Ngurumo ya Dodoma

Mvua zetu za Dodoma hazipigi hodi. Asubuhi anga safi kabisa, saa nane mchana vinaota vijiwingu upande wa Bahi, na kufikia saa kumi korongo limejaa maji na magari yamepanga foleni ng'ambo zote mbili. Sisi watabiri kinachotusumbua ni kujua mapema ni kijiwingu kipi kati ya hivyo vyote kitakomaa.

Kwa miaka mingi tumesoma picha za Meteosat, setilaiti za Ulaya za hali ya hewa, za kizazi cha pili: chaneli 12 (kila moja huona aina yake ya mwanga au joto), picha mpya kila baada ya dakika 15. Setilaiti ya kwanza ya kizazi cha tatu ilirushwa Desemba 2022, na sasa inaitwa Meteosat-12. Imekaa juu ya ikweta upande wa Ghuba ya Guinea, kilomita 36,000 hivi kutoka ardhini, na hupiga picha kila dakika 10 kwa chaneli 16. Kwenye chaneli za joto, kipande kidogo kabisa cha picha kilikuwa cha kilomita 3. Sasa ni 2, na kwa baadhi ya chaneli ni 1. (Hapo ni chini yake moja kwa moja. Sisi inatutazama kwa upande, kwa hiyo vipande vinatanuka kiasi.)

Dakika tano pungufu si haba. Wingu la ngurumo likipanda, kilele chake kinapoa, na kasi ya kupoa ndiyo inayolisaliti. Nikiona kilele kimetoka nyuzi 10 chini ya sifuri hadi 40 chini ya sifuri ndani ya picha tatu nne, sisubiri ya tano.

Ila mimi ukiniuliza, ubora wa picha si habari kubwa. Habari kubwa ni kipima radi. Meteosat-12 ina kamera nne zinazopiga picha elfu moja kwa sekunde, usiku na mchana, zikivizia mmweko wa radi, hata ile inayoishia wingu kwa wingu bila kugusa ardhi. Zamani wingu likishakomaa, upepo wa juu ulivuta ukungu wake wa barafu mpaka Kongwa, na kwenye picha ya joto kote kukaonekana kubaya sawasawa, wakati chini ya sehemu kubwa ya ukungu huo hakudondoki tone. Sasa radi zinaonyesha kiini kiko wapi. Zikiongezeka ghafla, mara nyingi upepo mkali au mvua ya mawe iko njiani.

Julai 2025 ilirushwa nyingine ya kizazi hicho, yenye chombo cha kupima joto na unyevu wa hewa tabaka kwa tabaka, yaani kuona hali inayozaa wingu kabla wingu lenyewe halijatokea. Hiyo naisubiri kwa hamu.

Hata hivyo setilaiti inaona kilele, haioni ndoo yako. Hewa yetu kavu inaweza kuyanywa matone yote kabla hayajafika chini, kwa hiyo rada na vipimo vya mvua vya vituoni bado tunavihitaji. Na maji hayabaki yaliponyeshea: yakimwagika Kongwa na Mpwapwa, Mto Kinyasungwe unayashusha kuelekea Gulwe, ilipo reli, na mbele zaidi Kilosa. Watu wa huko wanaweza kupata angalizo huku juu yao jua likiwaka.